Magari Mia Mbili Arobaini na Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Mvua ya kwanza. Imepiga hadi kibarazani na kulowesha kitambaa cha sare nilichokuwa nimekitandaza. Mawingu niliyaona tangu asubuhi nikayapuuza, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Jana tulikuwa na mkutano wa mtaa nyumbani kwa mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kiwanja kitupu kilicho mwisho wa mtaa kimenunuliwa na kampuni inayotaka kujenga ghorofa nane, nyumba sitini kwa jumla, na geti watalifungua upande wetu. Kwa nyuma kiwanja kinagusa barabara kuu, lakini huko kuna mtaro, na kujenga daraja la kuvuka mtaro ni kazi wasiyoitaka. Sisi mtaa wetu una mdomo mmoja tu, na ndani yake tayari mna shule na kiwanda cha mikate. Wataalamu wa kampuni wameandika kwamba kwa siku yanapita magari tisini na sita. Walihesabu wiki ambayo shule ilikuwa imefungwa! Hata mimi niliyeacha shule mapema najua huo ni ujanja.

Mwalimu alitueleza kwamba ofisi ya mipango ina kanuni. Mtaa wa upana huu ukiwa tayari unapitisha zaidi ya magari mia tatu kwa siku, huhesabiwa umejaa. Hauongezewi geti, na hata malori ya ujenzi hayaruhusiwi kuingia. Kwa hiyo lazima na sisi tuhesabu. Hapo watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu cherehani yangu iko dirishani na mimi niko nyuma yake kutwa nzima. "Mwenye macho haambiwi tazama," Mwalimu akasema, kisha akakumbuka ni nani aliyekaa karibu yangu, akakohoa. Mume wangu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Jumatano, 6 Machi
Niandike mapema, isije ikadhaniwa kwamba nahesabu magari kwa kupenda mikutano.

Mume wangu aliendesha malori miaka thelathini. Macho yalimzimika miaka sita iliyopita, moja kisha la pili. Tangu hapo matembezi yake ni mamoja tu: kila siku saa nne asubuhi anavuka barabara kwenda kwa kinyozi, mlango unaotazamana na wetu, akasikilize redio na kubishana na wateja. Husimama ukingoni, akageuza sikio huku na huku, akangoja mpaka kuwe kimya, ndipo akavuka. Hataki kushikwa. Mwaka wa kwanza nilimshika mkono wa shati, akaung'oa mkono wangu taratibu na kuniambia, "Ndani nishike upendavyo. Barabarani niache."

Basi nimemwacha. Lakini nyumba sitini maana yake ni magari yasiyopungua sitini, asubuhi na jioni, na kimya hakitakuwepo tena. Atakaa ndani kama furushi. Hilo ndilo linalonihesabisha.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata njia. Siwezi kuacha pindo kila gari likipita ili nishike kalamu, kwa hiyo nimeweka bakuli tupu kulia kwangu na mkebe wa vifungo kushoto. Gari dogo, kifungo cheusi. Lori, kifungo kikubwa cha koti. Pikipiki, kile kidogo cha shati. Likipita natupia kifungo bila kuinua mguu kwenye pedali. Saa kumi na mbili jioni nahesabu bakuli na kuandika kwenye daftari.

Jumatatu, 11 Machi
231.

Jumanne, 12 Machi
240. Mvua jioni.

Jumatano, 13 Machi
219. Mvua kutwa. Mama mmoja ameleta gauni nilipunguze kiuno, na kiuno chenyewe kimeongezeka tangu alipolinunua. Nimelipunguza.

Ijumaa, 15 Machi
Tumegombana. Mimi nina 229, mume wangu aliyekaa kibarazani ana 236. Nikamwambia mwenye macho ni mimi. Akaniuliza kama niliona lori la unga lililorudi nyuma saa saba, pikipiki tano zilizofuatana, na gari dogo lililozimika mbele ya shule likasukumwa. Sikuviona, nilikuwa navuta uzi wa bobini. Kwa shingo upande nikaongeza saba.

Kuanzia sasa tunahesabu wawili na jioni tunalinganisha. Anayatambua magari kama watu wanavyotambua sauti za ndugu zao. Hili lina klachi inayoteleza, lile dereva wake ana haraka. Mwaka mzima sijamsikia akizungumza kiasi hiki. Nafurahi, hata akiwa ndiye anayenishinda.

Jumatano, 20 Machi
Nimepeleka daftari kwa Mwalimu. Wastani wetu ni mia mbili na arobaini hivi. Nilidhani atafurahi, maana ni zaidi ya mara mbili ya hesabu ya kampuni. Akavua miwani, akasema, "Mia tatu, Fundi. Tunahitaji mia tatu." Akaniambia nisife moyo, haba na haba hujaza kibaba, na wiki itakayopelekwa ofisini ni ile inayoanza Jumatatu. Sikuelewa kibaba hicho kitajazwaje. Yule mzee namheshimu. Amewafundisha watoto wangu wote wawili, naye hakuwahi kumpa mtu alama asiyostahili.

Jumatatu, 25 Machi
389! Vifungo vyeusi vimeniishia saa tisa nikaanza kutumia vya kijani. Sikuinua kichwa siku nzima. Nilijua tu moyoni kwamba mtaa huu una magari mengi kuliko watu wanavyodhani. Nimemsomea mume wangu hesabu kama anayesoma matokeo ya mtihani. Alikunywa chai yake hadi ikaisha, kisha akauliza, "Kona leo kapita mara ngapi?"

Kona ni dereva wa teksi, jirani wa nyumba ya tatu. Amepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kukata kona bila kupanda ukingo, na maua yangu ni shahidi. Nikasema sikumwangalia. Mume wangu akasema gari la Kona lina beringi inayolia nyuma kushoto, na leo imelia mara thelathini na moja. Pikapu ya Mwalimu mara kumi na tisa. Pikipiki ya fundi bomba aliacha kuihesabu.

Jumanne, 26 Machi
Leo nimeinua kichwa.

Ni kweli. Wanakwenda mwisho wa mtaa, wanageuza mbele ya kile kiwanja, wanarudi hadi barabara kuu, wanageuza tena. Kona amemkalisha mkewe kiti cha nyuma na kikapu, aonekane abiria. Fundi bomba amepita na kofia, kisha bila kofia. Wengine walinipungia mkono! Majirani zangu, watu wazima wenye wajukuu, wanazunguka kwenye mvua kama kuku waliokatwa vichwa, na mimi nawatupia vifungo.

405. Sikujua nicheke au nilie. Niseme ukweli: nilicheka. Na moyoni nikasema, wacha wazunguke. Kampuni nayo ilidanganya. Dawa ya moto ni moto.

Jumatano, 27 Machi
Nitaandika yote.

Saa nne mume wangu alitoka. Kila mara barabara ilipoanza kunyamaza, mmoja wa wale wazungukaji aliingia. Alingoja. Nikatazama saa ya ukutani: dakika tano, saba, tisa. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu na maji yakipiga juu ya mabati ya kinyozi, kwa hiyo sauti zote zilichanganyika. Akavuka.

Kona alikuwa anarudi kutoka mwisho wa mtaa. Nilimwona kabla hajamwona mume wangu. Breki zikalia, gari likaserereka upande upande na kusimama likiwa limegusa fimbo yake. Fimbo, si mguu. Mume wangu alisimama katikati ya barabara, akaweka mkono juu ya boneti, akaipapasa, akasema kwa utulivu, "Kona, badilisha ile beringi." Kisha akaendelea na safari yake hadi kwa kinyozi.

Kona alishuka, akaketi palepale ukingoni mvuani. Mkewe alitoka na kikapu chake na kumsimamia. Nilimfuata Kona nikiwa na mkasi mkononi, na nilimtolea uvivu. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Nilipomaliza akasema, "Mama, tuliambiwa ni kwa ajili yake Mzee." Nilitaka kuendelea kumkasirikia, nikashindwa.

Nani aliyewaambia, sikuuliza. Najua nani hapa mtaani anayeijua mia tatu.

Alhamisi, 28 Machi
Kona hakuzunguka leo. Wengine walizunguka.

Mchana nilimwambia mume wangu nilichokuwa nimeamua. Nilimwambia tuache tu. Jumamosi daftari litapelekwa likiwa na mia nne, geti litakataliwa, malori yatakataliwa, na wiki ijayo wazungukaji watarudi makwao na yeye atavuka kwa amani mpaka siku zake ziishe. Hakuna atakayeumia. Nilizungumza muda mrefu, na nilizungumza vizuri.

Alisikiliza. Akaniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza.

"Mimi navuka barabara kwa kuamini ninachosikia," akasema. "Sina kingine. Na kinachosikika kuliko vyote humu ndani ni wewe. Ukisema kuna ngazi, nanyanyua mguu. Sasa ukianza kutia chumvi, hata kwa kunipenda, mimi nitavuka na nani?"

Nikamwambia hiyo ni hesabu ya magari, si ngazi. Akasema kwake ni mamoja. Nikamwambia atakayekosa kuvuka ni yeye. Akasema anajua, ndiyo maana anasema yeye. Tumenuniana hadi jioni. Chakula kilikuwa na chumvi nyingi, wala si kwa makusudi.

Jumamosi, 30 Machi
Tumekaa na vifungo siku mbili. Mume wangu alitaja mizunguko ya kila mmoja, na Kona alikuja mwenyewe jana akatuambia ya kwake na ya wenzake, akiwa ameketi ukingoni mwa kiti kama mgeni. Wastani wa wiki kama ulivyo ni 412. Tukitoa mizunguko, 243.

Nimeandika 243 na kumpelekea Mwalimu. Aliitazama kwa muda, akanishukuru, akasema atainakili kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa, 5 Aprili
Shule imefungwa. Mvua. Nimeshona mapazia.

Jumanne, 9 Aprili
Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili
Mvua. Kona amebadilisha beringi. Mume wangu analalamika kwamba sasa hamtambui.

Jumatano, 17 Aprili
Leo ndiyo ilikuwa siku ya kusikilizwa.

Ukumbi wa ofisi ya mipango una viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa kuombwa. Mtaa mzima ulikuja. Mbele alikaa mhandisi wa manispaa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na pembeni mtaalamu wa kampuni na mafaili yake. Mhandisi akasoma hesabu ya kampuni: tisini na sita. Kisha akasoma ya kwetu: mia nne na kumi na mbili.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mhandisi akainua karatasi, na hata kwa mbali nikauona mwandiko mzuri wa Mwalimu na chini yake jina langu. Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama feni.

"Aliyehesabu yupo?" mhandisi akauliza.

Nikasimama. Akaniuliza, "Hii ni hesabu yako, mama?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ukumbi mzima ulinigeukia, nyuso ninazozijua miaka ishirini na tano, wanawake niliowashonea nguo za harusi na za matanga. Hakuna hata mmoja aliyeniombea mabaya. Nilisema moyoni, sema ndiyo, kisha ukatubu nyumbani. Mume wangu alikuwa kulia kwangu. Hakunigusa wala hakukohoa. Aliinamisha kichwa kidogo akanielekezea sikio, vilevile anavyofanya akiwa ukingoni mwa barabara.

Nikasema, "Si yangu. Yangu ni mia mbili arobaini na tatu."

Kelele zilizozuka! Mtu mmoja nyuma akasema "msaliti", na sauti niliitambua, ni mke wa Mwalimu. Mhandisi akagonga meza, akauliza hizo nyingine zimetoka wapi. Hapo nikanyamaza. Kukana uongo ni kitu kimoja, kuwataja majirani ni kingine. Alinirudia mara mbili, nikanyamaza mara mbili.

Kona akasimama safu ya nyuma. "Nyingine zangu, mheshimiwa. Nilikuwa nazunguka."

"Mara ngapi?"

"Thelathini na moja siku ya kwanza. Siku ya tatu nusura nimgonge huyu Mzee, nikaacha."

Ukumbi ukacheka, na mtaalamu wa kampuni akacheka kuliko wote, mpaka mhandisi alipomgeukia na kumwomba amkumbushe yeye alihesabu wiki gani, na shule ilikuwa wazi au imefungwa. Alipekua mafaili muda mrefu sana.

Tulirudi nyumbani kwa teksi ya Kona. Mume wangu hakunisifu. Alisema tu kwamba nilisimama sawasawa. Mimi nina hofu. Mia mbili arobaini na tatu si mia tatu, na mwenye kuisema ni mimi.

Ijumaa, 19 Aprili
Mke wa Mwalimu amemtuma mtu kuchukua kitambaa chake. Nilishakikata. Nimempa vipande.

Jumatatu, 22 Aprili
Hakuna mteja.

Jumanne, 23 Aprili
Hakuna mteja. Mvua, basi niseme ni mvua.

Jumapili, 28 Aprili
Mke wa Kona ameleta suruali nne za mumewe zipunguzwe. Mbili kati ya hizo hazina kasoro yoyote. Nimezipunguza zote nikamshukuru. Miaka yote nimemwona Kona ni mhuni kwa sababu ya maua yangu, na Mwalimu nimemwona mwadilifu kwa sababu ya mwandiko wake. Sijui nilikuwa natazama nini kutoka dirishani hapa.

Jumatano, 8 Mei
Mwalimu amepita kwa miguu, akasimama mbele ya dirisha. Aliniambia alifundisha miaka thelathini na nne hajawahi kubadilisha namba ya mtu. Akasema alikuwa akifikiria zile nyumba sitini, usingizi ukamwisha. Nikamwambia na mimi nilizifikiria. Alibaki amesimama kidogo, mvua ikaanza, nikamkaribisha kibarazani. Sijamsamehe vizuri, lakini kiti nimempa.

Jumatatu, 20 Mei
Uamuzi umetoka, na mhandisi amekuja mwenyewe kuubandika ukutani mwa shule. Kumbe kwa geti hujumlishwa na magari yatakayoongezeka: 243 pamoja na ya nyumba sitini yanazidi mia tatu, kwa hiyo geti halitafunguliwa kwetu kamwe. Watajenga daraja juu ya mtaro na kutokea barabara kuu. Lakini daraja lenyewe ni la magari madogo, na kwa leo mtaa wetu uko chini ya mia tatu. Malori ya ujenzi yatapita hapa. Miezi kumi na minane.

Watu walipiga makofi. Wateja watatu wamerudi jioni hiyohiyo, mmoja wao fundi bomba na ovaroli iliyochanika. Wananiambia tumeshinda, na ni kweli. Ghorofa likiisha, mtaa utabaki kama ulivyo.

Mume wangu ana miaka sabini na mmoja. Nilimsomea tangazo neno kwa neno, sikuruka kitu. Alisema amewahi kukaa mpakani na lori la mahindi siku arobaini akisubiri karatasi. Kisha akaingia ndani kulala, na ilikuwa saa kumi mchana.

Jumatatu, 3 Juni
Mvua zimekwisha. Malori yameanza saa moja asubuhi, mchanga na kokoto, na vumbi limeingia hadi kwenye mkebe wa vifungo.

Saa nne alitoka. Nilitoa mguu kwenye pedali. Lilipita lori, likafuata jingine, nyuma yake pikipiki zilizokuwa zimekwama. Moja lilipoishilia mbali, jingine lilikuwa limeshaanza kunguruma kwenye kona ya kiwanda cha mikate. Aligeuza sikio huku, akaligeuza kule. Saa nne na robo alikuwa palepale. Kinyozi alitoka mlangoni kwake na kitana mkononi, akanitazama mimi, naye hakujua amwite au asimwite. Nilishika ukingo wa meza ili nisitoke. Niliahidi kumwacha barabarani, na nimemwacha miaka sita.

Saa nne na dakika ishirini na tano akasema, bila kugeuka na bila kupaza sauti, "Fundi."

"Nipo."

"Njoo univushe."

Nilitoka na mkanda wa kupimia shingoni. Nilisimamisha lori kwa kiganja, dereva akakanyaga breki, tukavuka tukiwa tumeshikana. Katikati ya barabara alitaka kujua ni lori la aina gani, nikamsomea jina lililoandikwa mbele yake. Kinyozi akatoa kiti. Mume wangu aliketi, akanyoosha kola, akasema, "Saa sita uje unichukue. Usichelewe."

Nilirudi kwenye cherehani na nikalia, nililia kwa sauti, malori yalikuwa yanapita na hakuna aliyenisikia. Kisha nikanawa uso, nikashona mikono miwili ya shati, nikiitazama saa kila mara. Saa sita kasoro dakika kumi nilikuwa nimeshasimama mlangoni kwa kinyozi.